Mitishamba na tumbo lililojeruhiwa na antibayotiki: niliyoyapitia

Mtu akiandikiwa antibayotiki kali, ndugu na marafiki humwambia kwanza alinde tumbo, kisha humtajia jina la mmea. Mimi nilitajiwa majina mengi na nikayajaribu karibu yote. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ana pakiti ya vidonge mkononi na kipande cha tangawizi mezani, naye hajui kama viwili hivyo vinapatana. Mimi si daktari wala mfamasia. Nilichonacho ni tumbo lililoharibika likapona, wataalamu walionieleza mambo kwa subira, na usomaji mwingi nilioufanya nikiwa sina nguvu za kufanya kazi nyingine yoyote.

Chanzo kilikuwa jipu kwenye mzizi wa gego. Uvimbe ulipanda hadi chini ya jicho, na kwa kuwa nina mzio wa penisilini, daktari wa meno alinipa antibayotiki nyingine iitwayo klindamaisini na kupanga kuling'oa jino uvimbe ukishapungua. Alinionya kwamba dawa hiyo huharisha, na kwamba nikihara sana nirudi. Onyo hilo nililichukua kama ruhusa ya kujikinga kwa njia zangu, kwani katika akili yangu wakati huo kulinda tumbo na kunywa mitishamba lilikuwa jambo moja.

Nilianza na chai ya tangawizi kutwa mara kadhaa. Hiyo siilaumu hata leo. Klindamaisini ilinipa kichefuchefu kila baada ya kumeza, na tangawizi ilikipunguza kwa namna niliyoiona wazi. Tangawizi imefanyiwa tafiti nyingi kuhusu kichefuchefu, hasa cha wajawazito na cha wagonjwa wanaotibiwa saratani kwa kemikali, na matokeo yake yanatia moyo. Lakini kutuliza kichefuchefu ni jambo moja, na kulinda bakteria wa utumbo ni jambo jingine. Hilo sikulitenganisha, na kwa kuwa nilipata nafuu kinywani na kifuani, niliamini kwamba huko chini nako mambo yamekaa sawa.

Kutoka kwenye tangawizi nilihamia kwenye kitunguu saumu kibichi, punje zilizopondwa na kumezwa kabla ya kula chochote, kisha manjano yenye pilipili manga, na mwishowe maji ya jani la shubiri, ambayo niliambiwa kwamba hupaka utumbo na kuuponya. Tumbo lilianza kuunguruma, likafuata gesi, likafuata msokoto, kisha kuhara. Niliongeza shubiri. Kuhara kukaongezeka.

Hapa ndipo panahitaji maelezo marefu, kwa sababu mengi yanayoandikwa kuhusu mitishamba na antibayotiki yanaliruka jambo hili. Utumbo mpana una bakteria wanaohesabika kwa matrilioni. Kazi yao mojawapo ni kuchachusha nyuzinyuzi ambazo mwili wetu wenyewe hauwezi kuzimeng'enya, na katika kuchachusha huko hutengeneza asidi za mafuta za mnyororo mfupi. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika utumbo mpana kwa ndani, na asidi hizo husaidia pia kufyonza chumvi na maji kurudi mwilini. Antibayotiki inayoua bakteria wa jipu haina namna ya kumtambua bakteria wa kwenye utumbo na kumwacha. Wakipungua hao, wanga usiochachushwa hubaki ndani ya utumbo na kuvuta maji, nazo seli zinakosa chakula chake, mtu anahara. Zipo pia antibayotiki zinazoharisha kwa njia nyingine kabisa, kwa mfano erithromaisini, ambayo huuchochea mfumo wa chakula kujikunyata na kusukuma kwa kasi, na hapo kisa si upungufu wa bakteria. Vitabu vya tiba hukadiria kwamba kati ya watu 5 na 35 katika kila 100 wanaotumia antibayotiki huhara, kutegemea dawa iliyotumika na hali ya mtu.

Sasa rudi kwenye kitunguu saumu. Sifa yake kubwa, ile inayotajwa na kila anayekipendekeza, ni kwamba kinaua vijidudu. Ni kweli: kikipondwa hutoa alisini, kemikali yenye uwezo wa kuua bakteria. Lakini tumbo langu halikuwa na upungufu wa kitu cha kuua bakteria. Kumpa kitunguu saumu kibichi kwa wingi mtu aliye kwenye klindamaisini ni sawa na kumwagia dawa ya magugu shamba ambalo miche yake imekwisha kuungua. Mwarobaini nao, pamoja na mimea yenye beberini (kemikali chungu ya rangi ya manjano), husifiwa kwa sababu hiyohiyo, na swali la kuuliza ni lilelile: nataka kulisha au nataka kuua? Tangu nilipojifunza swali hilo, theluthi mbili ya orodha niliyopewa imefutika yenyewe. Kitunguu saumu kina upande wa pili, kwani ndani yake mna wanga wa aina ya inulini unaolisha bakteria wazuri, na kikipikwa kwa kiasi cha kawaida cha chakula hakina ukali ule. Tatizo lilikuwa kukigeuza dawa, tena kibichi, tena juu ya tumbo tupu lililokwisha kuchubuka.

Shubiri ina kisa kibaya zaidi. Jani lake lina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Katikati mna ute mwangavu usio na rangi kali, na chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu, wenye aloini, ambayo ni dawa ya kuharisha yenye nguvu. Mtu anayesaga jani zima anakunywa vyote viwili. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kwenye orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuwasilisha ushahidi wa kutosha kuhusu usalama wake. Kwa hiyo nilikuwa nikitibu kuhara kwa dawa ya kuharisha. Mmea uitwao sana (senna) nao uko katika kundi hilo la dawa za kuharisha, na inanishangaza kuona mimea hiyo miwili ikipendekezwa kwa "kusafisha utumbo" baada ya antibayotiki, kana kwamba utumbo uliokwisha kufagiliwa na dawa kali bado unahitaji ufagio.

Siku ya kung'oa jino daktari aliniuliza ninatumia dawa gani nyingine. Nilisema hakuna. Msaidizi wake ndiye aliyeuliza vizuri zaidi: chai, unga, matone, chochote cha asili? Nilipotaja kitunguu saumu, tangawizi na manjano kwa kiasi nilichokuwa nikitumia, shughuli iliahirishwa, kwani vyote vitatu vikitumiwa kwa wingi huweza kupunguza uwezo wa damu kuganda, na aliye kwenye dawa za kuzuia damu kuganda yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Nashauri kila anayekwenda kutibiwa aandike mitishamba kwenye karatasi ileile anayoandikia vidonge, na asisubiri kuulizwa. Dhana kwamba kilichotoka ardhini hakihesabiki kama dawa ndiyo iliyonigharimu zaidi, hata kuliko kitunguu saumu chenyewe.

Jino liling'olewa baadaye, dawa zikaisha, kuhara kukapungua. Nikadhani nimemaliza. Wiki chache baadaye kulirudi kwa nguvu nisiyoijua: choo cha maji mara nyingi usiku na mchana, homa, maumivu chini ya kitovu, harufu ya pekee. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuacha antibayotiki, sikuihusisha kabisa na hali hiyo, nikairudia mitishamba, safari hii kamomili na mnanaa. Mnanaa ulinituliza msokoto kidogo, kwani hulegeza misuli ya utumbo, ingawa ulinipa kiungulia. Kamomili ilinisaidia kulala. Ugonjwa wenyewe haukuguswa. Aliyenivuta hadi hospitali alikuwa dada yangu, baada ya kuona midomo yangu imekauka na nikisimama napepesuka.

Kipimo cha choo kilionyesha sumu ya bakteria anayeitwa Clostridioides difficile. Bakteria huyu anaweza kuishi kimya ndani ya utumbo au kuingia kama spora, yaani bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu, kutoka kwenye mikono na vyoo, na wale wengine wakishaangamizwa hupata nafasi ya kuzaana na kutoa sumu inayochubua ukuta wa utumbo mpana. Uhusiano wa klindamaisini na uvimbe mkali wa utumbo uliripotiwa mwaka 1974, na mwaka 1978 bakteria huyu akatambuliwa kuwa ndiye chanzo. Huweza kujitokeza wakati wa dawa au hata miezi miwili mitatu baada ya kumaliza, na hilo ndilo ningependa mtu alikumbuke kuliko yote niliyoandika hapa. Ukihara maji mara tatu au zaidi kwa siku na hali hiyo haikomi, ukipata homa, damu kwenye choo, tumbo kuvimba au maumivu makali, usitafute mmea. Nenda ukapimwe, na useme kwamba ulitumia antibayotiki hata kama ni zamani kidogo. Dawa za kufunga choo, kama loperamidi, zisitumiwe katika hali hiyo bila ruhusa ya daktari, maana zinaweza kuizuia sumu ndani.

Tiba yangu ilikuwa vankomaisini ya kumeza, yaani antibayotiki nyingine. Niliogopa. Nilikuwa nimejijengea chuki na antibayotiki zote, na nikamwambia daktari waziwazi kwamba natafuta njia ya asili. Alinijibu kwa upole kwamba sumu hiyo huua watu, kwamba hakuna mmea uliothibitishwa kuitibu, na kwamba mazungumzo kuhusu mimea tutayafanya nikishapona. Alitimiza ahadi hiyo, na ndiyo maana nina cha kuandika. Nyumbani tulifundishwa pia kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa kuwa vitakasa mikono vyenye alkoholi haviui spora.

Gharama sitaihesabu hapa, ila niseme kwamba fedha nilizotoa kwa unga na matone ya mimea zilizidi zile za klindamaisini yenyewe, bado sijataja vipimo, kulazwa na mshahara uliokatwa. Hofu nayo ilikaa muda mrefu. Ugonjwa huu hurudi kwa takriban mtu mmoja kati ya watano waliotibiwa mara ya kwanza, kwa kawaida ndani ya wiki nane, na katika kipindi hicho kila mngurumo wa tumbo ulinifanya nihesabu siku.

Mazungumzo yetu kuhusu mimea yalianza na maji, jambo lililoniudhi kidogo. Anayehara anapoteza maji na chumvi kabla hajapoteza kitu kingine chochote, na chai ya mmea wowote, hata iwe nzuri namna gani, haina chumvi wala sukari kwa kiwango kinachotakiwa. Pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ndizo bora. Zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, katika lita moja ya maji safi. Chai iwe nyongeza.

Kisha tulikuja kwenye mimea yenye ute na nyuzinyuzi laini. Hapa nilipata kitu kilichonisaidia kweli: maganda ya mbegu za siliamu, yatokanayo na mmea wa Plantago ovata. Yakiingia kwenye maji huvimba na kuwa kama uji mzito, hushika maji ya ziada ndani ya utumbo, na sehemu yake huwa chakula cha bakteria wanaorejea. Nilianza na kiasi kidogo sana baada ya homa kwisha, nikaongeza polepole, maana ukianza kwa wingi gesi itakutesa. Masharti yake ni mawili. Yanywewe na maji mengi, na asiyaguse mtu mwenye shida ya kumeza, kwani yanaweza kukwama kooni. Pia yawe mbali na vidonge kwa saa mbili angalau, kwa kuwa ule ute unaweza kuinasa dawa na kuichelewesha. Sharti hilo la pili ni la mimea yote yenye ute, na kwa mkaa wa dawa ni kali zaidi, maana mkaa hunasa dawa moja kwa moja. Kunywa antibayotiki pamoja na mkaa ili "kulinda tumbo" ni kulilinda jipu.

Kamomili niliruhusiwa kuendelea nayo. Kuna utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha watoto 79 wenye kuhara kwa ghafla, ambapo waliopewa mchanganyiko wa pektini (nyuzinyuzi laini) ya tufaha na kamomili walipona mapema kuliko waliopewa kinywaji kisicho na dawa. Wale hawakuwa wagonjwa wa antibayotiki, kwa hiyo siubebeshi utafiti huo mzigo usio wake. Vivyo hivyo ndizi mbichi zilizopikwa, ambazo utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zinapunguza kuhara sugu kwa watoto: wanga wake mgumu hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa, na huko hugeuzwa kuwa zile asidi nilizozitaja. Nikivichukua hivi pamoja, naona mwelekeo mmoja. Mimea iliyo na faida kwa utumbo uliojeruhiwa ni ile inayofanana na chakula kuliko ile inayofanana na dawa.

Kuhusu probayotiki, yaani vijidudu hai vinavyomezwa ili kusaidia utumbo, ambazo si mimea lakini huuzwa rafu moja na mitishamba, nilitarajia jibu jepesi na sikulipata. Saccharomyces boulardii ina asili inayokaribia mada yetu: mwanasayansi Mfaransa Henri Boulard aliipata katika miaka ya 1920 huko Indochina kutoka kwenye maganda ya matunda, baada ya kuona watu wakiyatumia kujitibu kuhara wakati wa kipindupindu. Ni hamira, si bakteria, kwa hiyo antibayotiki haiui, na ina ushahidi mzuri wa kupunguza kuhara kunakoletwa na antibayotiki. Hata hivyo haifai kwa mtu mwenye kinga dhaifu au aliyewekewa mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwani imewahi kuingia kwenye damu za wagonjwa wa namna hiyo. Upande wa pili kuna utafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli, uliochapishwa mwaka 2018, ambapo watu waliomeza mchanganyiko wa probayotiki za bakteria baada ya antibayotiki walichelewa kurejesha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa wapone wenyewe. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa wanaume 12 wenye afya, waliopewa antibayotiki tatu kali kwa siku nne, ulionyesha kwamba utumbo ulikaribia hali yake ya awali baada ya takriban mwezi mmoja na nusu, ingawa baadhi ya spishi hazikuonekana hata baada ya siku 180. Mimi nilisoma hayo kama habari njema: utumbo hujirejesha wenyewe, mradi usipigwe tena.

Nililazimika kupigwa tena. Baadaye sana nilipata maambukizi ya kifua, na kabla daktari hajaandika chochote nilimweleza historia yangu. Kwanza alihakikisha kwamba ni bakteria kweli, maana dhidi ya virusi antibayotiki haina kazi na utumbo unaumia bure. Kisha alichagua doksisaiklini, ambayo huhusishwa kidogo na Clostridioides difficile, kwa muda mfupi kadiri ilivyowezekana. Mfamasia akanionya kuhusu maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia, ambavyo huinasa dawa hiyo tumboni, na akanitaka niimeze kwa glasi nzima ya maji nikiwa nimeketi wima. Aliuliza pia kuhusu matone ya mimea, akaeleza kwamba mengi huhifadhiwa kwenye alkoholi, na kwamba aliye kwenye antibayotiki ya metronidazoli, kwa mfano, huonywa asiyaguse kwa sababu hiyo.

Safari hiyo nilikunywa tangawizi nyepesi kwa ajili ya kichefuchefu na kamomili usiku. Shubiri, mwarobaini, beberini na kitunguu saumu kibichi sikuvigusa. Siliamu niliirudisha baada ya kidonge cha mwisho, kijiko kidogo kwa siku, na vyakula vyenye nyuzinyuzi nikaviongeza wiki iliyofuata. Choo kililegea kidogo, kisha kikakaa sawa. Kwa miezi mitatu baada ya hapo niliendelea kuandika kila jioni hali ya tumbo kwenye daftari, na jina la dawa ile ya kwanza nimeliandika kwenye kadi yangu ya kliniki, chini ya mstari wa mzio wa penisilini, ili atakayeniandikia dawa aione hata nikiwa siwezi kusema.